Je, Wajua? Shehena ya Livingstone na Nywila za Walioacha Kazi

Je, wajua kwamba hoja ya ukaguzi iliyo maarufu kuliko zote katika mwambao wa Ziwa Tanganyika haikuandikwa na mkaguzi yeyote wa serikali? Iliandikwa na mmisionari na msafiri David Livingstone kwenye shajara yake, aliporudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1871, amekonda na hana kitu. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye shehena aliyotumiwa kutoka Unguja. Shehena ilifika Ujiji, lakini yeye hakuikuta. Sherif, mshona nguo aliyekabidhiwa kuisindikiza, alikuwa ameiuza yote: yadi 3,000 za nguo za pamba na ratili 700 za ushanga. Haikubaki yadi moja wala uzi mmoja.

Wengi huishia hapo, wakamwita Sherif mwizi na kuendelea na habari ya Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone. Mtu wa fedha husoma zaidi, kwa sababu Sherif alikuwa na nyaraka. Alimwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba ametuma watu Manyema, wakarudi na habari kuwa Mzungu amekufa, na akaomba ruhusa ya kuuza kilichobaki. Alidai pia kwamba alitazamia kwa Kurani na kuona kuwa mwenye mali hayupo duniani. Kwa hiyo mtu yule yule ndiye aliyeshika mali, ndiye aliyetoa taarifa zake, ndiye aliyethibitisha kifo cha mwenye mali na ndiye aliyepokea malipo ya mauzo. Wenyeji walimwambia Livingstone kuwa walipinga. Nadhani walisema kweli. Lakini wangempelekea nani malalamiko? John Kirk, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza na kuisafirisha shehena hiyo, alikuwa Unguja, safari ya miezi kwa miguu.

Leo tungesema hapakuwa na mgawanyo wa majukumu wala njia ya kutoa taarifa za ubadhirifu. Hayo mawili mkaguzi wa usalama wa taarifa huyauliza mapema kabisa anapofika kwenye mradi, iwe ni mjini Dar es Salaam au kwenye ofisi ya vyumba vitatu pale Bangwe, kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji iliyo upande wa kusini wa ghuba ya Kigoma. Maneno yamebadilika tu: mali sasa ni kanzidata, na ufunguo wa ghala ni nywila.

Kisa cha Livingstone kina hoja ya pili ambayo haisimuliwi sana. Stanley ameandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Ukifuata shajara ya Livingstone mwenyewe, siku hiyo inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili waliopeana mikono Ujiji wametofautiana karibu wiki mbili, kwa kuwa hesabu ya siku hupotea porini. Toleo la 2022 la kiwango cha ISO 27001, kinachotumika duniani kote kukagua usimamizi wa usalama wa taarifa, lina kipengele kizima, namba 8.17, kinachotaka saa za mifumo yote ya taasisi zilinganishwe. Bila hivyo huwezi kusema nani alifanya nini kwanza.

Na hapa Kigoma suala la saa si la nadharia. Je, wajua kwamba kati ya nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, Tanzania peke yake ndiyo inayotumia saa za Afrika Mashariki? Bujumbura, Kalemie na Mpulungu zote ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mradi wenye ofisi Bangwe na ofisi Bujumbura, ukiacha kila kompyuta ijipangie saa yake, utakuta malipo yameidhinishwa Bujumbura saa nzima kabla hayajaombwa Kigoma. Mhasibu atacheka. Mkaguzi ataandika hoja.

Kuna zaidi ya hilo. Mlinzi wa getini huandika kwenye daftari la wageni saa zetu za Kiswahili: fundi wa TEHAMA aliingia saa 2:10, akatoka saa 3:00. Mfumo unaonyesha mtu aliingia kwenye seva saa 08:10. Sisi tunajua ni kitu kimoja. Mkaguzi aliyetumwa na mfadhili kutoka Ulaya anaona mgeni ameingia chumba cha seva usiku wa manane, kisha seva ikafunguliwa saa sita baadaye na mtu asiyejulikana. Dawa yake ni sentensi moja juu ya kila ukurasa wa daftari inayosema saa zimeandikwa kwa mtindo gani, na mlinzi aelezwe kwa nini. Ni udhibiti usio na gharama, na pengine ndiyo maana haumo kwenye bajeti ya mtu.

Huenda msomaji anajiuliza mambo ya seva na nywila yanamhusu vipi mdhibiti wa fedha za mradi, mtu wa leja, vocha na masurufu. Jibu limo kwenye kabati lake. Ukaguzi wa masharti ya usalama hauanzi na kompyuta, unaanza na orodha. Orodha ya wafanyakazi iko wapi? Kwenye malipo ya mishahara. Orodha ya wazabuni wanaotunza taarifa zetu? Kwenye mikataba na ankara. Kompyuta mpakato ngapi zimenunuliwa, na ngapi zimepotea? Kwenye rejista ya mali. Fundi wa TEHAMA anaweza kukuambia kuna akaunti 40 kwenye mfumo. Mtu wa fedha ndiye anayeweza kukuambia kwamba wanaolipwa mshahara ni 31.

Tofauti hiyo ya tisa ndiyo chakula cha mkaguzi. (Namba hizo ni za mfano, lakini jaribu kwenye ofisi yako uone.) Mtu ameacha kazi, mkataba wake umekwisha, amelipwa stahiki zake hadi senti ya mwisho, na nywila yake bado inafungua mfumo wa malipo. Usuluhishi wa benki kila mhasibu anaufanya mwisho wa mwezi bila kuambiwa: daftari letu huku, taarifa ya benki kule, kila mstari upate mwenzake. Usuluhishi wa watumiaji ni kazi ile ile kwa orodha nyingine, wa mshahara huku na wa mfumo kule. Anayeufanya kila mwezi, akatia sahihi na tarehe, hana haja ya kukesha wiki ya ukaguzi. Anayeufanya usiku wa kuamkia ukaguzi hutia sahihi kumi na mbili kwa kalamu moja na wino mmoja, na wakaguzi si watoto.

Je, wajua kwamba mojawapo ya ripoti za usalama wa kompyuta zinazodaiwa zaidi duniani haiandikwi na wahandisi wa kompyuta, bali na wahasibu? Inaitwa SOC 2. Ilitungwa na taasisi ya wahasibu wa Marekani, AICPA, na anayeruhusiwa kuitolea maoni ni kampuni ya wahasibu waliosajiliwa. Iko ya aina mbili. Ya kwanza huangalia kama udhibiti umepangwa vizuri kwa siku moja maalumu. Ya pili huangalia kama udhibiti huo umefanya kazi kwa kipindi kizima, mara nyingi kati ya miezi mitatu na kumi na miwili. Mhasibu ataitambua tofauti hiyo mara moja, maana ni ile iliyopo kati ya mizania, inayopiga picha ya tarehe moja, na taarifa ya mapato na matumizi, inayosimulia mwaka.

ISO 27001 nayo ilikuwa na vipengele vya udhibiti 114 kwenye toleo la 2013. Toleo la 2022 limevipanga upya vikawa 93. Mashirika ya kadi za benki yana kiwango chao, PCI DSS, kilichotoka kwa mara ya kwanza Desemba 2004, chenye masharti makuu 12. Sharti mojawapo linapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila hoteli ya ufukweni inayopokea watalii wa Gombe na Mahale: zile tarakimu za siri za nyuma ya kadi hazitunzwi popote baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwenye daftari la mapokezi, hata kwa nia njema.

Kisa cha Dhaka kinafaa kusimuliwa kwa kila mtu anayedhani vifaa vya ofisi ni mambo madogo. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mfumo wa malipo ya kimataifa wa Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Katika chumba cha mfumo huo kulikuwa na printa iliyokuwa ikichapa kila muamala. Siku hiyo haikuchapa. Wafanyakazi waliona ni printa tu, imeharibika kama zinavyoharibika printa. Wezi walichagua siku kwa hesabu: Ijumaa ni mapumziko Bangladesh, Jumamosi na Jumapili benki za New York hazifanyi kazi, na Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Manila zilikoelekea fedha. Dola milioni 81 zilikwenda. Nyingine milioni 20, zilizokuwa zikielekea Sri Lanka, ziliokolewa na kosa la tahajia kwenye jina la taasisi ya kupokea. Mtu wa benki ya kati aliliona akauliza.

Kwa watu wa fedha, ajabu ya kisa hiki haiko kwa wezi. Iko kwenye karatasi ambayo haikutoka. Ukaguzi mwingi wa usalama hutazama kilichoandikwa. Mdhibiti mzuri hushtushwa pia na kimya: ripoti ya kila siku ambayo leo haikuja, meseji ya benki iliyozoeleka ambayo haikuingia, mfumo wa tahadhari ambao haujalia mwaka mzima.

Uganda, jirani yetu, imepata funzo la namna nyingine. Novemba 2024 serikali ilikiri bungeni kwamba akaunti za Benki Kuu zilikuwa zimeingiliwa. Habari za kwanza zilisema ni wadukuzi wa nje. Miezi michache baadaye waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa wizara ya fedha, wakishtakiwa kuhusiana na malipo ya madeni ya taasisi za kimataifa yaliyoishia kwenye akaunti za kampuni zisizohusika. Hukumu ni ya mahakama, si yangu. Ila ukuta wa intaneti hauwezi kumzuia mtu mwenye ufunguo halali, na ndiyo sababu mkaguzi hutumia muda mwingi kuuliza nani huandaa malipo, nani huidhinisha, na kama hao wawili waliwahi kupeana nywila siku mmoja alipokuwa safarini. Ofisi nyingi ndogo zimewahi. Mkuu yuko Dodoma kwenye kikao, malipo yanasubiri, anapiga simu: "Ingia kwa jina langu, umalizie." Kuanzia hapo sahihi mbili ni mkono mmoja.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka kwenye akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu ya Tanzania, zikalipwa kwa kampuni 22. Hakuna kompyuta iliyovunjwa. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya Ernst & Young ulikuta nyaraka za kughushi za kuhamisha madeni, na Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa gavana. Siku hizi tunazungumza sana kuhusu virusi na wadukuzi, lakini karatasi yenye muhuri mzuri bado ni silaha kali. Sherif aliijua mapema.

Je, wajua kwamba waraka wa hatari zaidi kwenye ofisi nyingi za miradi mkoani Kigoma ni karatasi ya mahudhurio ya semina? Itazame: jina kamili, kijiji, namba ya simu, wakati mwingine namba ya NIDA, sahihi, na kiasi cha posho. Karatasi hiyo huambatishwa kwenye vocha, hupigwa picha, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp ili makao makuu yaone kazi imefanyika, kisha nakala inabaki kwenye simu za watu kumi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaitambua orodha hiyo kuwa taarifa binafsi kama inavyoyatambua majalada ya hospitali. Kampuni au taasisi inayotiwa hatiani kwa kuzitoa taarifa hizo kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 5. Anayezishika kwa wingi kuliko mtu yeyote ofisini ni mhasibu, na mara nyingi hajawahi kuambiwa.

Katika mkoa huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na baadaye Warundi nao wakaja. Mfumo wa alama za mwili wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, uliojaribiwa kwanza kambini Dzaleka, Malawi, mwaka 2013, huchukua alama za vidole vyote kumi na mboni za macho yote mawili. Nywila ikiibwa unabadilisha. Kidole hubadilishi. Ndiyo maana mkataba kati ya mfadhili na shirika linalotekeleza mradi hujaa vifungu vya taarifa, na mtu anayesaini ripoti ya fedha ya robo mwaka hujikuta amesaini pia kwamba vifungu hivyo vimefuatwa. Asome kwanza.

Ushahidi mwingine anaouhitaji mkaguzi uko mahali usipoutarajia. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na ofisi yenye seva haikuweza kukaa bila jenereta lake. Viwango vya usalama hutaka taasisi ionyeshe kwamba umeme wa dharura unajaribiwa mara kwa mara. Fundi ataleta jedwali zuri: jenereta limewashwa kila Jumatatu, dakika thelathini. Mdhibiti wa fedha atatoa risiti za EFD za mafuta. Kama kwa miezi minne hakuna lita moja iliyonunuliwa, jedwali lile limeandikwa kwa mafuta ya mawazo. Sijui darasa linalofundisha hili, lakini risiti ya dizeli imewahi kusema ukweli kuliko kurasa nyingi za sera.

Meli ya MV Liemba nayo ina la kuwaambia watu wa miradi. Ilijengwa na Meyer Werft mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma, ilikoundwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Fikiria rejista ya mali ya mradi huo. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo grisi nzito isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Wataalamu wa majanga ya kompyuta wangeiita grisi ile mpango wa urejeshaji. Mimi naona ni mafundi waliopenda kazi yao.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji iliwekwa kundi moja na Paris, Madrid, Seoul, São Paulo na Buenos Aires? Ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya Ubia wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, OGP. Kutoka Kenya ilichaguliwa Elgeyo Marakwet, na kutoka Ghana Sekondi-Takoradi. Manispaa ingetakiwa kufungua taarifa zake, bajeti zikiwemo, ili mwananchi azikague. Haikudumu. Tanzania ilijitoa OGP mwaka 2017 na Kigoma Ujiji ikaondoka nayo. Ni hasara ambayo hatukuizungumza vya kutosha, kwa sababu uwazi nao ni udhibiti: mvuvi wa Katonga anayeweza kuona ushuru wake uliingia kwenye mfuko gani ni mkaguzi asiyelipwa.

Kigoma imewahi pia kutoa mtu wa kupokea ripoti za wakaguzi. Wakati wa sakata la kuchotwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, Novemba 2014, mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, aliyesoma taarifa ile bungeni alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini. Kazi ya kamati hiyo hutegemea ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ofisi inayotajwa kwenye ibara ya 143 ya Katiba. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na ripoti humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi unaofuata.

Sasa swali ambalo wanafunzi wa uhasibu hupenda kuwatega wenzao: kama CAG anawakagua wote, yeye anakaguliwa na nani? Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inalo jibu. PAC humteua mkaguzi wa nje, naye huingia Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi na kuomba vocha, orodha za watumiaji na rejista za mali, na kuandika hoja ambazo wakaguzi wa ofisi hiyo lazima wazijibu.